Kaburi la Binti Asiyesikia

Maofisa wa majengo ya kale walipofika na mkanda wa kupimia, Bandenawaz Jamadar alidhani neema imebisha hodi. Alimwambia mkewe amimine maziwa yote yaliyobaki kwenye chai, akafuta kiti cha plastiki kwa shati lake mwenyewe, akamkalisha mkubwa wao, kijana wa miwani aitwaye Hanchinal. Wapimaji wawili aliokuja nao wakakaa ngazini.

"Karibuni, karibuni sana," alisema. "Tumewasubiri miaka. Mimi ndiye niliyewafungua watu macho kuhusu mahali hapa. Ulizeni pale Gol Gumbaz, hakuna asiyenijua."

Hilo lilikuwa kweli. Bandenawaz aliongoza watalii pale Gol Gumbaz, kaburi la mfalme lenye kuba kubwa ambalo abiria wa treni huliona kabla hawajauona mji. Alikuwa na beji ya serikali kifuani na sauti ya imamu. Mle ndani ukinong'ona ukutani upande huu, mwenzako anakusikia upande wa pili, na ukipiga kofi moja linakurudia hadi uchoke kusikiliza. Watalii hupiga makofi, hupiga kelele, hupiga picha, kisha hushuka wakiulizia maji baridi. Hapa Bijapur tuna makaburi mengi kuliko kazi. Enzi za wafalme kila waziri, kila jemadari, kila yaya aliyemnyonyesha mtoto wa mfalme alijijengea kuba lake. Ufalme ukafa, makuba yakabaki yanapigwa na jua, na sisi makabwela tukaingia kuishi humo na mbuzi wetu.

Kuba dogo lililo nyuma ya ukuta wa zamani wa mji, karibu na soko la vitunguu, lilikuwa la akina Jamadar. Babu yake Bandenawaz, mwendesha gari la farasi, ndiye aliyeegemeza vyumba viwili na jiko kwenye ubavu wake, na farasi wake akalala ndani ya kuba. Nani alizikwa mle zamani, hakuna aliyejua, kwa kuwa mawe ya kaburi lenyewe yaliibwa kabla babu hajazaliwa. Kilichokuwemo ni tuta moja refu lililopakwa chokaa. Watu wa nyumba hii walijua ni la nani. Ni la Sikandar, farasi. Alipokufa, babu alimlilia kama ndugu, akamzika pale pale alipokuwa akilala.

Njaa ndiyo iliyomzaa binti wa mfalme. Msimu mmoja wageni walikuwa haba, na Bandenawaz akawaambia mume na mke kutoka Pune kwamba mfalme alikuwa na binti kiziwi. Ni kwa ajili yake akajenga Gol Gumbaz, kuba linalorudia kila neno, ili walau mara moja kati ya nyingi lipenye. Binti akapandishwa juu, mfalme akamwita kwa jina lake, kuba likaita na kuita, binti akatabasamu tu. Akaomba kwa ishara azikwe mbali, mahali pasipo na kelele. Yule mke wa Pune alilia. Bandenawaz akawaleta hapa nyumbani, wakatoa rupia mia mbili na kununua mikate ya mtama ya mkewe. Uongo uliolipwa vizuri hauachwi. Miaka michache baadaye hadithi hiyo ilikuwa kwenye simu za watu, na kila Alhamisi wanawake walikuja na watoto wasiosikia, wakatandika shuka la kijani juu ya Sikandar.

"Ukuta huu nao ni wa zamani?" aliuliza Hanchinal. Alikuwa amesimama jikoni akigonga ukuta kwa kalamu.

Mtu mwenye akili timamu angejibu kwamba ukuta huu babu aliujenga kwa tope. Malanbi, mkewe, alimkodolea macho kutoka nyuma ya pindo la sari. Lakini mwongoza watalii akiulizwa habari ya jiwe hawezi kunyamaza, ni kama mlevi aliyeonyeshwa chupa.

"Ni wa enzi zile zile, bwana. Inama uone maua yaliyochongwa hapa chini, nyuma ya jiko. Na kizingiti cha chumba cha mama ni jiwe moja zima. Kwa maoni yangu ukumbi wa kaburi ulikuwa unafika mpaka chooni."

"Mpaka chooni," alisema Hanchinal, na mpimaji mmoja akavuta mkanda mpaka chooni.

Walikunywa chai wakaenda. Bandenawaz akabaki mlangoni akiwapungia mkono.

"Baba Nasima," aliita Malanbi, "jikoni umewapeleka kufanya nini?"

"Wameniuliza, nikawajibu."

"Mimi nikikuuliza ada ya Nasima hujibu upesi hivyo."

"Mwanamke, wewe huoni mbali. Mahali pakiandikwa rasmi patahitaji mtunzaji. Watamchukua nani? Mtu kutoka Bangalore? Mshahara wa serikali, Mama Nasima, na pensheni."

"Na mtunzaji huyo atalala wapi?"

"Hapa hapa, sasa atalala wapi?"

Hajrabi, mama yake Bandenawaz, alikuwa kitandani anachambua dengu. "Mwache," alimwambia mkamwana. "Babake naye alikuwa hivyo hivyo, akimwona mgeni mwenye viatu vizuri ulimi unateleza."

*

Mstari mwekundu ulichorwa asubuhi moja, Malanbi akiwa anakanda unga. Kijana wa rangi aliomba asogeze sinia, akapitisha brashi, akasema samahani. Mstari ulizunguka kuba, ukapita nje ya jiko, nje ya vyumba, nje ya choo, ukafunga. Nyumba nzima ilikuwa ndani. Nyumba ya jirani, iliyojengwa kwa mawe yaliyong'olewa kwenye kaburi hilo hilo, ilikuwa nje.

Bango lilibandikwa mlangoni kwa Kikannada, lugha ya ofisi za jimbo. Katika nyumba hiyo ni Nasima peke yake, aliyekuwa darasa la kumi, aliyeweza kulisoma.

"Soma kwa sauti," alisema babake.

"Wanasema kila kilichojengwa ndani ya mstari kitaondolewa. Wanatupa wiki mbili."

"Kila kilichojengwa na nani? Soma vizuri."

"Baba, nimesoma vizuri."

Jioni hiyo hakuna aliyegusa chakula isipokuwa Hajrabi, ambaye alisema njaa haingoji serikali. Alimaliza mkate wake na chatne ya karanga, akajifuta mdomo.

"Nenda ukawaambie ni farasi," alisema.

"Mama."

"Mama nini? Wamekuja kwa ajili ya binti wa mfalme. Binti hayupo. Wakijua ni Sikandar watakunja mkanda wao waende zao. Makuba mabovu kama lile wanayo mia katika mji huu, mbona hawajayagusa?"

"Nikisema hivyo beji yangu imekwenda. Nitaonekana tapeli mbele ya mji mzima."

Malanbi alikuwa ameuchukia uongo ule tangu siku ya kwanza. Mikate aliuza, ndiyo, lakini hakuwahi kumwambia mgeni yeyote neno moja juu ya binti, na Alhamisi wanawake wakija na watoto wao yeye huenda kisimani hata kama ndoo zimejaa.

"Beji ndiyo inayotukinga na mvua?" alimuuliza mumewe.

*

Ofisini kwa akina Hanchinal, Bandenawaz alisimamishwa tangu asubuhi hadi watu waliporudi kutoka kula. Karani alimuuliza shida yake, akaieleza kwa sauti ya chini. Karani akamwambia hasikii, aseme kwa nguvu. Akasema kwa nguvu.

"Farasi?" karani aliuliza. Akageuka nyuma. "Jamani, njooni msikie hii. Rudia, mzee, rudia ile ya farasi."

Bandenawaz alirudia. Mtu wa chai aliweka birika chini ili acheke vizuri. Mmoja akauliza kama farasi naye alikuwa kiziwi. Bandenawaz, aliyezoea kuchekwa na wageni kwa malipo, alijaribu kucheka nao, na midomo ikamkatalia.

Hanchinal hakucheka. Alimwita ndani, akamwonyesha kiti, na kwa muda mfupi Bandenawaz akapata matumaini.

"Kwa hiyo hakuna binti wa mfalme."

"Hakuna, bwana. Naapa kwa Mungu. Niliitunga kwa sababu ya tumbo."

"Nilidhani hivyo," alisema Hanchinal. "Vitabu vyote nimevisoma, hayumo. Hadithi yako ndiyo iliyotuleta, lakini si hadithi tunayolinda. Lile jengo ni la enzi za wafalme, hata kama amezikwa punda. Na mpaka wake ulinionyesha wewe mwenyewe."

Bandenawaz alitazama mikono yake. "Maua yale ya jikoni," alisema, "labda babu aliyaokota mahali pengine."

"Labda. Nimeyapiga picha yakiwa ukutani."

"Tutakwenda wapi, bwana? Mama yangu hawezi kutembea."

"Kuna vyumba vinajengwa kule ng'ambo ya barabara kuu ya Solapur. Mkiwa na karatasi za kiwanja mtapewa kimoja."

"Tuna za umeme. Tumelipa umeme tangu babu."

"Umeme si kiwanja." Kijana alivua miwani, akaifuta. Hakuwa mtu mbaya, na hilo halikumsaidia yeyote. "Jambo lingine. Wewe umebeba beji ya kuongoza wageni, na sasa umekiri mbele ya ofisi nzima kwamba unawauzia uongo. Siwezi kujifanya sijasikia. Iache hapa mezani."

"Basi bwana, chukulia sikusema."

"Wamesikia wote, mzee."

Aliitoa. Pini iling'ang'ania shati ikatoboa tundu, naye akarudi nyumbani kwa miguu, mkono umefunika tundu hilo.

*

Katika mji wetu umbea hauhitaji kuba ili uenee. Alipofika kwenye soko la vitunguu, watu walikuwa tayari wamekusanyika mbele ya nyumba yake. Mbele yao alikuwa Dastagir Bagwan, muuza ndizi, mwenyekiti wa kamati ya kaburi. Kamati hiyo aliiunda mwenyewe, na sanduku la sadaka hulala dukani kwake.

"Bande," alisema Dastagir, "kuna neno limefika kwetu. Sisi hatujaliamini. Eti umesema bibi yetu, binti wa mfalme, ni mnyama?"

"Dastagir bhai, ndugu yangu, wewe unajua. Tulikuwa watoto pamoja. Babu alikuwa akikupandisha mgongoni mwa Sikandar siku ya Idi."

Dastagir alikumbuka, na kila aliyekuwa karibu naye aliona kwamba anakumbuka. Mara moja alianguka kutoka kwa farasi yule akavunjika jino, na pengo analo mpaka leo.

"Mimi sikumbuki farasi yeyote," alisema.

"Amekula mkate wa bibi miaka yote," mtu akapaza sauti, "leo anamuuza serikalini ili aokoe choo chake."

Kofi likatoka mahali fulani likamshukia shingoni. Halikuwa kali, lilikuwa kofi la kumdharau mtu, lile ambalo mtoto hupigwa akichelewa dukani. Malanbi alisimama mlangoni na mwiko mkononi. Nasima alikuwa akilia nyuma yake.

Ndipo mwanamke mmoja akapenya katikati ya watu. Alikuwa akitoka Sindgi kwa basi kila Alhamisi, na usiku uliopita alikuwa amelala msikitini kwa kukosa basi la kurudi. Mgongoni alikuwa na mtoto wa kike, mkubwa kidogo kwa kubebwa.

"Baba," alimwambia Bandenawaz taratibu, "juzi nilimwita huyu akageuka. Nilimwita kwa jina, akageuka. Mume wangu anasema ni inzi alimgusa. Lakini mimi niliona. Usininyang'anye hilo."

Mtoto alimtazama Bandenawaz mdomo wazi. Bandenawaz akatazama chini. Kofi angelivumilia, na matusi pia, kwa kuwa maskini huyazoea mapema. Hili hakuliweza.

"Nilisema kwa uchungu," alisema. "Nilichanganyikiwa. Nyumba yangu inavunjwa, ndugu zangu."

"Basi mwombe radhi bibi," alisema Dastagir.

Walimwingiza ndani ya kuba. Akasimama mbele ya tuta la Sikandar, akashika masikio yake mawili kama mwanafunzi aliyekosa, akachuchumaa na kusimama, akachuchumaa na kusimama, mpaka magoti yakatoa sauti. Watu waliridhika wakatawanyika. Hajrabi alisikia yote akiwa kitandani, akauliza kama Bande ameshika masikio kwa ajili ya farasi. Alipoambiwa ndivyo, alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, kisha akageukia ukutani.

*

Siku ya kuvunja, tingatinga lilikuja na polisi, na nyuma ya polisi, kwa mshangao wa Bandenawaz, ukaja mtaa mzima. Walikuja wauza vitunguu, mafundi baiskeli, vijana wenye bendera za kijani, wanawake waliofunga watoto mgongoni. Hata jirani ambaye hakuwa amemsalimu tangu habari ya farasi alikuja na fimbo.

Bandenawaz alikuwa akitoa sufuria nje. Alisimama nayo mkononi, na uso wake ukafunguka.

"Mama Nasima, umeona? Wamekuja."

Malanbi aliona. Alitua godoro alilokuwa amebeba. Kwa dakika ile moja hata yeye aliamini, na akajilaumu kwa mabaya yote aliyowahi kuusemea mtaa wake. Akampigia kelele Nasima amletee bibi yake maji, kwamba labda hawatahama.

Umati ulipita mbele yao. Ulipita kando ya sufuria na magodoro, ukaingia ndani ya kuba, ukalizunguka tuta. Walioenea wakashikana mikono kulizunguka, waliobaki wakafunga mlango kwa miili yao.

"Juu ya maiti zetu," alisema Dastagir. "Kaburi la bibi halivunjwi."

Hanchinal alikuja mbele, jasho linamtoka. "Nani kasema tunavunja kaburi? Kaburi ndilo tunalolilinda. Tumekuja kwa ajili ya nyumba tu."

Dastagir aliwageukia wenzake, wakanong'onezana.

"Kaburi hamligusi?"

"Hata chokaa yake."

"Na Alhamisi zetu?"

"Mtaingia bure. Wageni ndio watakaolipa."

"Ah," alisema Dastagir, na mabega yake yakashuka. "Kama ni nyumba, hiyo ni shauri yenu na mwenyewe."

Hawakuondoka lakini. Walibaki wameshikana mikono kulizunguka tuta, wakihofia kifusi kisiliangukie, na dereva wa tingatinga, alipoona heshima hiyo, alizima redio yake akafanya kazi kwa uangalifu mkubwa. Jiko lilianguka kwanza, halafu vyumba. Yale maua ya mawe waliyang'oa kwa mkono, wakayafunga kwenye magunia laini na kuyapakia garini. Hajrabi alitolewa akiwa juu ya kitanda chake, polisi wawili mbele, Bandenawaz na mkewe nyuma, wakamweka kando ya barabara chini ya jua.

"Mbona watu wale wote wanamlinda Sikandar?" aliuliza bikizee.

Adhuhuri kazi ilikwisha. Vijana wa bendera walimwagia maji tuta kwa sababu lilikuwa na vumbi. Shuka jipya likatandikwa, sukari ikagawiwa. Kamati ilipita ikawapa akina Jamadar fungu lao kama walivyowapa wengine, kiganja kimoja kila mtu, na Dastagir alisema Mungu atafungua njia. Halafu wakaenda kula.

Familia ilibaki na vyombo vyake. Hawakuwa na pesa ya bajaji hata ya kumpeleka mama hospitalini, sembuse chumba cha kupanga. Malanbi alikuwa akitoa mchanga kwenye unga kwa ncha za vidole, na unga ulikuwa ukizidi kuchanganyika.

Yule mama wa Sindgi alitoka ndani ya kuba wa mwisho. Aliwaona, akasita, akaja kuchuchumaa mbele ya Bandenawaz.

"Baba, niombee mwanangu. Ninyi mmeishi na bibi ukuta kwa ukuta. Dua zenu anazijua."

Bandenawaz alimtazama mtoto, akalitazama kuba, ambalo sasa lilisimama peke yake, safi. Alijua akisema hapana mama yule angeelewa kwamba mle hamna bibi. Aliweka viganja juu ya masikio ya mtoto, akasoma Fatiha yote, polepole, kwa sauti yake ile nzito ya kazini. Mtoto alifurahia joto la mikono akafumba macho. Mama alipiga goti, akafungua fundo la sari yake, akamwekea Bandenawaz noti ya rupia kumi kiganjani, akashika njia ya kituo cha mabasi.

Bandenawaz hakukunja vidole. Aliiacha noti ilale pale kiganjani, upepo ukiichezea, hakuthubutu kumtazama mkewe.

Malanbi aliacha unga. Alikung'uta mikono, akanyanyuka, akaichukua noti akaifunga kwenye pindo lake.

"Mkimbilie kabla hajapanda basi," alisema. "Mwambie na Alhamisi ijayo tutakuwepo."